Bia ya Nyumbani Mbele ya Mahakimu



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa wengi wenu ni geni, nalo ni desturi ya mtu kupika bia katika sufuria ya jikoni kwake, pasina nia ya kuiuza hata chupa moja, kisha akaichukua na kuiweka mbele ya mahakimu asiowajua ili waionje, waipime na kuitolea hukumu kwa maandishi. Ninajua kwamba miongoni mwenu wako ambao kileo hakigusi midomo yao kwa amri ya dini, nami sikuja kumshawishi mtu anywe wala kumlaumu asiyekunywa. Ila elimu ya hamira, ya hewa na ya chupa ni elimu kama elimu nyinginezo, na mwenye kuijua huweza kuitumia katika siki na katika sharubati pasina kuonja tone la pombe.

Katika nchi zetu upishi wa pombe nyumbani ni wa kale mno. Mbege ya Wachaga, ipikwayo kwa ndizi na ulezi katika miteremko ya Kilimanjaro, hunywewa ingali changa, povu lake bado linatembea, na wanywaji ndio waendao kwenye chombo. Haina haja ya chupa kwa kuwa haina safari. Mpishi yupo hapo hapo, na mnywaji akikunja uso mpishi humwona, akajieleza au akanyamaza. Mashindano ya Marekani, ambayo ndiyo nitakayoyasimulia leo kwa kuwa kanuni zilizotungwa huko zimefuatwa na nchi nyingi, yameligeuza jambo hilo juu chini: mnywaji hamjui mpishi, mpishi hayupo kujitetea, na kilichopo baina yao ni chupa tu. Hoja yangu kwenu ni kwamba chupa haina uwezo wa kuongeza uzuri wowote. Kazi yake ni kutoupunguza, na bia nyingi zilizopikwa vema hushindwa kwa sababu ya yale yaliyotendeka katika saa moja ya kuzitia chupani na katika siku zilizofuata.

Marekani yenyewe haikuwa na ruhusa hii kwa muda mrefu. Marufuku ya vileo iliyoanza mwaka 1920 iliondolewa mwezi wa Desemba 1933, na sharia zilizokuja baada yake zikamwachia mwenye nyumba kutengeneza divai kwa ajili ya nafsi yake na jamaa zake, lakini bia zikaiacha nje. Hivyo kwa zaidi ya miaka 40 mtu aliyechemsha kimea cha shayiri na kukitia hamira katika ghala la nyumba yake mwenyewe alikuwa mvunja sharia, ijapokuwa jirani yake aliyekamua zabibu alikuwa raia mwema. Rais Jimmy Carter alitia sahihi sharia ya kuwaruhusu wapishi wa bia wa nyumbani tarehe 14 Oktoba 1978, nayo ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Februari 1979. Kiasi kilichoruhusiwa ni galoni 100 za Kimarekani kwa mwaka, takriban lita 378, katika nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 wakiwa wawili au zaidi. Na kanuni za serikali ya huko zatamka bayana kwamba bia hiyo yaweza kutolewa nyumbani ikapelekwa kwenye maonyesho na mashindano, maadamu haiuzwi. Katika mwaka huo huo wa 1978, kwenye mji wa Boulder, jimbo la Colorado, mwalimu wa shule aitwaye Charlie Papazian na mwenzake Charlie Matzen waliasisi chama cha American Homebrewers Association, na mwaka uliofuata yakafanyika mashindano yao ya kwanza ya taifa. Walakini kila jimbo lilibaki na hiari yake, na majimbo ya mwisho kukubali, Mississippi na Alabama, hayakukubali mpaka mwaka 2013. Waingereza walikuwa wamekwisha tangulia, kwani leseni waliyokuwa wakitozwa wapishi wa nyumbani ilifutwa mwaka 1963 katika bajeti ya Reginald Maudling.

Mashindano yakisha kuwapo huhitaji mizani, na mizani hiyo ilisimamishwa mwaka 1985 kwa kuundwa kwa Beer Judge Certification Program, taasisi inayowatahini mahakimu na kuwapa daraja zao, na ambayo hutoa kitabu cha maelezo ya kila aina ya bia. Karatasi yake ya hukumu ina alama 50: harufu hupewa 12, sura 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na rai ya jumla 10. Utazameni vema mgawanyo huu, kwa kuwa ndani yake imo siri ya mambo nitakayoyasema. Wingu au weupe wa bia glasini, ambao ndio humshughulisha sana mpishi mwanagenzi, una alama tatu tu. Ladha na harufu, kwa pamoja, zina 32, na hizo ndizo zinazoibwa chupani bila ya jicho kuona lolote.

Mahakimu hukaa wawili au watatu kwenye meza moja. Huletewa chupa yenye nambari na jina la aina yake, basi. Hawaambiwi imetoka kwa nani wala katika mji upi. Humimina, na kabla ya kutazama rangi wala kuzungumza neno huinamia glasi na kunusa, kwa kuwa zipo harufu zinazotoroka katika nusu dakika ya kwanza na hazirudi tena. Kisha huandika. Mwenye alama 45 na kuendelea huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa ufundi, wa 38 hadi 44 ni bora sana, na wa 30 hadi 37 ni mzuri sana. Chini ya 21 karatasi huanza kuzungumza habari za dosari kubwa, na chini ya 14 haina neno la upole la kumwambia mtu.

Katika yote yanayoiharibu bia baada ya kupikwa, hewa ndiyo yenye hila kuliko zote. Siku ya kupika, maji matamu ya kimea yakisha kupoa, mpishi huyapiga na kuyatikisa kwa makusudi ili yajae oksijeni, kwani hamira huihitaji katika kujenga miili yake kabla ya kushika kazi ya kugeuza sukari kuwa kileo. Lakini kazi hiyo ikisha kuanza na kwisha, hewa ile ile iliyokuwa chakula huwa sumu, na kila mara bia inapoanguka kwa mshindo kutoka chombo kimoja hadi kingine hujitia sumu hiyo yenyewe. Madhara hayaonekani siku hiyo. Kwanza hufifia harufu ya hopsi, lile ua chungu ambalo ndilo huipa bia uchungu na manukato yake. Baadaye huingia utamu mzito usiokuwamo. Na mwisho hutokea harufu ya karatasi iliyolowa maji, ambayo wanakemia hunasibisha na kitu kiitwacho trans-2-nonenali, na ambayo hakimu aliyezoea huitambua kabla hajaonja. Bia za Kimarekani zenye hopsi nyingi huumia mbele ya zote, na zile zenye ukungu zilizoshika sana miaka hii hubadilika hata rangi, dhahabu ikageuka kahawia au kijivu katika muda mfupi mno. Bia nzito zilizotengenezwa ili zikae miaka huvumilia zaidi, na pengine hewa kidogo huziongezea ladha mfano wa divai ya kale, ila huo ni msamaha wa wachache na asiutegemee mtu.

Dawa ya hewa ni taratibu. Mrija wa kujazia hushuka mpaka kwenye kitako cha chupa, na bia hupanda polepole kutoka chini bila ya kurusha cheche. Juu huachwa nafasi ya sentimita mbili au tatu, wala isiachwe kubwa kwa tamaa ya kubana kiasi wala isijazwe mpaka ukingoni. Na kizibo hakiwekwi mpaka povu limepanda na kufika mdomoni, kwa sababu povu lile limejaa gesi ya bia yenyewe na likipanda huisukuma hewa nje, hata kizibo kikishuka kikakuta chupa haina nafasi ya adui. Wajuzi hulisema jambo hili kwa maneno machache, kwamba ziba juu ya povu, na lau kama ningeruhusiwa kumpa mpishi wasia mmoja tu kuhusu chupa ningempa huo. Baridi nayo husaidia sana. Uharibifu wa hewa huenda kwa kadiri ya joto, na kwa kipimo cha jumla cha wanakemia kila nyuzi kumi za Selsiasi zinazoongezeka hukaribia kuuzidisha mwendo wake mara mbili. Basi chupa iliyokaa mwezi katika jokofu na nyingine iliyokaa mwezi huo huo katika ghala la joto si ndugu tena, ijapokuwa zimetoka katika pipa moja.

Sasa nije kwenye gesi, ambayo ina hatari zake. Bia iliyokwisha kuchachuka na kutulia huwa na gesi ya kaboni kidogo tu, isiyotosha kuinua povu, na zipo njia mbili za kuitimiza. Ya kale ni kuipa hamira iliyosalia sukari kidogo, kuizibia ndani ya chupa, na kuiacha ile na kupumua humo. Hapo hesabu haina mchezo. Kwanza mpishi apime kwa haidromita, kile kijiti cha kioo kieleacho, siku mbili tatu, na kisomo kisipobadilika ndipo ajue kuwa uchachukaji umekwisha. Asiyesubiri, sukari iliyosalia hujumlika na ile aliyoitia, na chupa hupasuka kabatini, nayo chupa ya bia ipasukapo hurusha vigae vya kutoboa jicho. Kwa bia nyingi za Kimarekani gramu 6 hivi za sukari ya mezani kwa kila lita hutosha. Bia chungu za Waingereza, ambazo kwa asili ni pole kinywani, hutaka gramu 3 au 4. Na bia ya ngano ya Bavaria hupanda hata 9 au 10, lakini hiyo isitiwe ila katika chupa nene. Sukari huchemshwa katika maji machache, ikapozwa, ikamiminwa katika chombo kitupu, ndipo bia ikaletwa juu yake kwa mrija ili zichanganyike zenyewe. Maana mtu anayetia kijiko kijiko katika kila chupa hupata chupa 40 zenye tabia 40, na haijui itakayomfikia hakimu. Baada ya hapo chupa zikae majuma mawili mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 24, kisha ziingie katika baridi ili gesi iyeyuke na mashapo yashikamane chini.

Njia ya pili ni kuitia bia gesi katika kegi, yaani pipa dogo la chuma, na kisha kuihamishia chupani kwa shindikizo dogo, chupa zikiwa zimepozwa mbele, na gesi ikizidishwa kidogo kuliko inavyotakiwa kwa kuwa sehemu yake itapotea katika kuhama. Njia hii hutoa bia safi isiyo na mashapo, ambayo msukosuko wa safari hauwezi kuichafua. Mimi huiona kuwa bora kwa bia za hopsi zitakazohukumiwa baada ya siku chache, na ile ya kale kuwa bora kwa bia za kukaa, kwa sababu hamira iliyo hai chupani hula sehemu ya oksijeni iliyoponyoka. Kosa la gesi huadhibiwa mara mbili. Chupa iliyozidi hulipuka povu mezani na kuyapandisha mashapo yote; iliyopungua humnyima hakimu hata harufu, kwa kuwa viputo vinavyopanda glasini ndivyo vinavyoichukua harufu na kuifikisha puani.

Juu ya usafi sitakawia, kwa kuwa kila mpishi ameusikia mpaka ameuchoka. Chupa isuguliwe kwanza, ndipo itiwe dawa ya kuua vijidudu, kwani dawa haipenyi uchafu ulioganda. Na dawa iwe ile ya ayodini au ya asidi ya fosforiki, kwa sababu klorini iliyobaki chupani hukutana na viungo vya bia ikazaa harufu ya hospitali.

Chupa yenyewe iwe ya rangi ya kahawia. Hili baadhi ya watu hulidhani ni pambo, na viwanda vikubwa vinavyouza bia katika chupa za kijani au nyeupe vimewazoesha kudhani hivyo, lakini sababu yake ni ya kikemia: uchungu wa hopsi, unapopigwa na mwanga pamoja na vitamini B2 iliyomo katika bia, hupasuka na kuungana na salfa, kikazaliwa kitu chenye uvundo wa yule mnyama wa Marekani afananaye na kicheche wetu, na pua ya mwanadamu hukitambua kikiwa ni nanogramu chache tu katika lita nzima. Chupa nyeupe ikiachwa juani dakika chache tu imekwisha kuharibika. Kizibo kiwe cha bati, kile chenye meno alichokipatia hataza William Painter wa Baltimore mwaka 1892; chupa zenye kizibo cha kauri na waya, nzuri kama zilivyo, mashindano mengi huzikataa kwa kuwa zinamtambulisha mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo karatasi za nembo hubanduliwa zote, na kizibo chenye maandishi hupakwa wino mweusi, kisha cheti cha nambari hufungwa shingoni kwa utepe wa mpira wala si kwa gundi.

Liko jambo jingine ambalo si la mikono, nalo huwaangusha wengi zaidi ya hewa. Mpishi huandikisha bia yake kwa jina la ile aliyokusudia kuipika. Alikusudia stauti, ile bia nyeusi nzito, lakini kimea cha kuungua kilikuwa kichache na mwili wake ukatoka mwepesi, ikawa pota njema, nduguye aliye mwepesi; yeye kwa uaminifu usio mahali pake huiandika stauti, na mahakimu, ambao hawahukumu kama bia ni tamu kwao bali kama imefanana na maelezo ya jina lake, huiandikia alama 28 na kusikitika. Bia ile ile chini ya jina la pota ingepata 38. Basi siku ya kujaza karatasi ya maombi asitazame daftari lake la upishi. Aweke glasi mezani, afungue kitabu cha maelezo, aionje kama mgeni, na amwite mwenzake asiyejua nia yake aulizwe anaona nini. Na kama bia ina tunda, kiungo cha chakula au moshi ndani yake, hicho kitajwe, kwa kuwa hakimu asiyeambiwa kuwa mna iliki ataitafuta dosari iliyoizaa harufu ile.

Wakati nao una hukumu yake. Bia ya hopsi hupikwa ili iwe mbichi siku ya mahakimu, basi mwenye akili huhesabu kutoka siku hiyo kurudi nyuma, akaipika mwisho na kuitia chupani mwisho. Ile nzito ya kukaa huanzwa miezi mingi kabla. Posta ya serikali ya Marekani haipokei vileo, kwa hiyo wengi hupeleka wenyewe kwa mkono au kwa njia zilizoidhinishwa na waandaaji, na aliye mbali hufunga kila chupa peke yake kwa karatasi yenye vipovu, akazisimamisha katika sanduku lenye mfuko wa plastiki ndani yake, na akachagua siku za mwanzo wa juma ili mzigo usilale Jumamosi na Jumapili katika ghala lenye joto.

Nisingependa mdhani kwamba mahakimu ni mizani isiyokosea. Ni watu wenye ulimi unaochoka, na bia ya kumi mezani haikutani na kinywa kile kilichokutana na ya kwanza. Chupa mbili za pipa moja, katika mashindano mawili, huweza kurudi na alama zilizoachana sana, na mpishi akakasirika kwa haki. Lakini karatasi waliyoiandika, ikiwa wameiandika kwa bidii, ina faida kuliko medali, kwa kuwa inamwambia mtu aliyoyaona mgeni asiyemwogopa wala kumpenda. Kwa hiyo namwomba kila atakayejaribu kazi hii atie chupani bia zaidi ya zile anazotakiwa kupeleka, aweke moja katika baridi na nyingine katika joto la kawaida la nyumba, na siku itakapomfikia karatasi azifungue zote mbili, azionje huku akiisoma mstari kwa mstari. Akikuta kwamba maneno ya hakimu yanafanana na ile ya joto na hayafanani na ile ya baridi, asiubadilishe upishi wake hata kidogo. Aangalie namna anavyotia chupani na namna anavyosafirisha.